Kutoa ni Moyo, na Moyo Haukatwi Kwenye Mshahara

Maneno haya niliyasema Jumamosi iliyopita hapa Tanga, mbele ya wafanyakazi wa viwandani, wa bandarini na wa mashamba ya mkonge, pamoja na wastaafu wenzangu. Waliokuwa zamu wameomba wayapate yote, nami nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu, nanyi wanangu mlioajiriwa juzi mkakimbilia viti vya nyuma karibu na mlango: hamjambo? Sogeeni mbele, feni za huku zinafanya kazi.

Nimekuwa karani wa mishahara kwa miaka 27. Kazini, meneja anajua uhodari wako, daktari anajua ugonjwa wako, lakini karani wa mishahara anajua makato yako. Anajua nani anadaiwa na SACCOS. Anajua nani anakatwa matunzo ya mtoto kwa amri ya mahakama. Anajua nani ikifika tarehe 28 anabaki na nauli tu. Siri hizo nimezitunza na nitazikwa nazo. Leo natoa siri moja, kwa sababu haikuwa siri ya mfanyakazi. Ilikuwa siri ya waliomkata.

Lakini nianze nyumbani. Baba yangu alikata mkonge. Wazee mliopo mnakumbuka kipande: ukimaliza kazi ya siku unatiwa alama, alama 30 zikitimia ndipo unapolipwa. Ukiugua, kipande kinalala na wewe. Baba alikuwa akirudi na fedha ya kipande anaimwaga mkekani mbele ya mama, wanaigawa. Hii ya unga. Hii ya mafuta ya taa. Hii ya ada. Zikibaki senti kidogo, anazisukuma pembeni kwa kidole na kusema, "Hizi za moyo." Senti za moyo mwezi mmoja zilikwenda msikitini, mwezi mwingine kwa jirani mwenye msiba, na mama alinisimulia kwamba kabla sijazaliwa zilikwenda kwenye chama kilichokuwa kikidai uhuru. Nyapara hakuzijua. Hakuna aliyempangia kiasi.

Mnajua sote msemo wetu: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Swali langu la leo ni moja, na nitalirudia mpaka mlichoke. Kutoa ni moyo. Moyo wa nani?

Sasa siri yenyewe.

Ilikuwa mwaka 2005, mwaka wa uchaguzi. Kampuni siitaji, mgombea simtaji, wala chama chake, maana jambo lenyewe lingeweza kufanywa na mtu wa chama chochote. Niliitwa ofisi ya juu nikapewa karatasi. Kichwa chake kwa herufi kubwa: MCHANGO WA HIARI WA WAFANYAKAZI KWA AJILI YA KAMPENI. Chini yake: kila mfanyakazi shilingi 5,000, zikatwe mwezi huu, juu kwa juu. Na mstari wa mwisho, mdogo: asiyeafiki afike ofisi ya utawala aandikishe jina lake.

Nawauliza, ndugu zangu. Hiyo ni hiari?

Anayetaka hafanyi chochote. Anakaa kimya, anakatwa. Asiyetaka ndiye anayepanda ngazi, anabisha hodi, anasimama mbele ya meza ya mtu anayeshika mkataba wake, anaandika jina lake kwenye orodha ya wasiotaka. Orodha ya wanaotaka haikuwapo kabisa! Iliyokuwapo ni ya wasiotaka. Nani kati yetu angependa jina lake likae humo?

Tulikuwa watu 300 kwenye daftari la mwezi ule. Walioandika majina ni wawili. Mmoja alikuwa fundi umeme aliyekwisha kupata kazi Dar es Salaam, anaondoka mwisho wa mwezi, hana la kuogopa. Wa pili alikuwa mlinzi wa getini, mzee wa Kidigo, mtu mpole ambaye sijapata kumsikia akipandisha sauti. Alivua kofia, akasema, "Mwanangu, mimi sina ubaya na huyo bwana. Huenda hata kura nikampa. Lakini hela yangu nimekwisha kuipangia." Akaandika jina, herufi moja moja, kwa sababu elimu yake ilikuwa ya kisomo cha watu wazima.

Mwezi uliofuata akapangiwa zamu ya usiku. Na uliofuata. Na uliofuata. Miezi sita mfululizo, mzee wa umri ule. Hakuandikiwa barua, hakupewa onyo, hakuna aliyemwambia sababu. Ratiba tu ilibadilika. Ndugu zangu, mtu mwenye mamlaka juu ya ratiba yako hahitaji kukutisha kwa maneno.

Na wale 298 tuliobaki? Kwenye hati zetu za mshahara likatokea neno fupi, MCH, na mbele yake 5,000. Kwa kibarua wa kwetu wakati ule hilo lilikuwa jasho la karibu siku tatu. Aliyeingiza makato hayo ni mimi. Nilikuwa na watoto watatu shuleni, sikuuliza kitu. Nimeyabeba haya muda mrefu, na nimeona bora niyaseme nikiwa hai, mbele ya watu ambao baadhi yao niliwakata kwa mkono wangu. Mnisamehe.

Jumla ilikuwa shilingi 1,490,000. Ikatiwa bahasha. Siku ya kukabidhi tukapakiwa kwenye lori kwenda kushangilia, bosi akapanda jukwaani akasema, "Kwa niaba yangu na ya wafanyakazi wangu." Mgombea akamkumbatia. Akamtaja kwa jina mara tatu. Sisi tukapiga makofi.

Fedha imetoka mifuko 298. Shukrani imeingia mfuko mmoja.

Sikilizeni kilichofuata. Mwaka wa pili tukawa na madai ya ovataimu, malimbikizo ya miezi saba. Wakachaguliwa watu watano, na mimi nikiwamo kwa sababu ya kujua hesabu, tukaenda kumwona yule mheshimiwa. Si tulimchangia? Akatupokea vizuri, chai na mihogo. Tukaeleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Msiwe na wasiwasi, mimi na bosi wenu ni watu wa karibu, nitazungumza naye." Mmenielewa? Kwa kumbukumbu yake yeye, aliyemchangia ni bosi. Tulikwenda kumshitaki mfadhili kwa aliyefadhiliwa, na ufadhili wenyewe ni fedha yetu!

Kutoa ni moyo. Moyo wa nani?

Msidhani ni sisi tu tuliopitia haya. Marekani, nchi tunayoambiwa ni kongwe kwa demokrasia, ilikuwa hivyo hivyo kwa miaka mingi. Karne ya 19 chama kikishinda kiligawa kazi za serikali kwa watu wake: posta, forodha, ofisi za makarani. Na aliyepewa kazi alitozwa asilimia ya mshahara wake kwa ajili ya kampeni ya chama. Tozo hiyo iliitwa mchango. Asiyetoa, kiti chake kilipata mtu mwingine. Forodha ya bandari ya New York ilisifika kwa mchezo huo, na kati ya mwaka 1871 na 1878 mkuu wake alikuwa bwana mmoja anaitwa Chester Arthur. Nyinyi wa bandarini na forodhani mlioko hapa, jiwekeni pale: kila mshahara ukitoka, mkusanyaji wa chama yuko mlangoni na daftari.

Mwezi wa saba mwaka 1881 Rais James Garfield alipigwa risasi na mtu aliyeamini kwamba alikifanyia chama kazi kwenye kampeni na kwa hiyo anadai cheo. Garfield alikufa Septemba. Makamu wake akashika nchi. Makamu huyo ni nani? Chester Arthur, yule yule wa forodha ya New York. Na ndiye aliyetia saini sheria ya mwaka 1883 iliyoitwa ya Pendleton, iliyoanzisha ajira ya serikali kwa mitihani na kukataza kumlazimisha mtumishi wa serikali kuu kuchangia chama. Mtu aliyelelewa ndani ya utaratibu ule ndiye aliyeufunga. Mimi huyapenda mabadiliko ya namna hiyo, labda kwa sababu nami nilikuwa ndani.

Uingereza nako. Viongozi wa matawi, hapa nawaomba msikilize kwa masikio mawili, maana hadithi hii ni yenu. Walter Osborne alikuwa hamali wa stesheni ya reli jijini London, na kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi wa reli. Chama chake kilikuwa kikichukua sehemu ya ada za wanachama na kuwapa wagombea wa Labour, chama cha siasa. Osborne hakukitaka Labour. Akasema, mimi nimejiunga na chama hiki kitetee mshahara wangu, sikujiunga kumlipia mtu kampeni. Akaenda mahakamani. Kesi ikapanda mpaka juu kabisa, na mwaka 1909 hamali yule akashinda.

Wengi walimchukia, na nawaelewa. Wakati ule wabunge wa Uingereza hawakuwa na mshahara, na mtoto wa mfanyakazi angeingiaje bungeni bila wafanyakazi wenzake kumchangia? Bunge likatafuta njia ya kati. Sheria ya mwaka 1913 ikasema: chama cha wafanyakazi kinaweza kuchangia siasa, lakini wanachama wapige kura kwanza, fedha ikae mfuko wake peke yake, na asiyetaka ajitoe bila kuadhibiwa. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 2016, wakageuza: mwanachama mpya akawa hachangii mpaka mwenyewe aseme ndiyo. Karne nzima wamevutana juu ya jambo ambalo lilikuwa kwenye mstari mdogo wa karatasi yangu ya mwaka 2005. Nani aandike jina, anayetaka au asiyetaka?

Kwangu jibu ni jepesi. Aandike anayetaka. Mlinzi wetu angekuwa na orodha ya wanaotaka, asingepanda ngazi ile. Angebaki getini na redio yake, na hakuna ambaye angejua amekataa.

Hapo ni pale mwajiri anapokuvuta mkono utoe. Yupo anayekufunga mkono usitoe, na huyo tunamjua zaidi, kwa sababu alitutawala. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitoa waraka kuwakataza watumishi wake Waafrika kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Fikirini maana yake kwa mji kama huu wetu, wenye reli, bandari, forodha na makarani. Waliosoma, wanaoweza kuandika barua na kutunza daftari la fedha, ndio hao hao walioajiriwa na serikali. Walikatwa kwenye siasa kwa kalamu moja. TANU ilipoanzishwa Julai 1954 iliwakosa watu hao hadharani. Na Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyekuwa akifundisha Pugu, mwaka 1955 alilazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa, akaacha mshahara.

Na hapo ndipo wanawake walipobeba nchi. Mama hana ajira ya kupoteza, waraka haumhusu. Bibi Titi Mohamed na wenzake wakapita mtaa kwa mtaa, wanawake wakachukua kadi kwa wingi. Mume ni karani, amenyamaza. Mke amekwenda mkutanoni. Mama zangu mliokaa huku kushoto, mnastahili makofi kwa bibi zenu.

(Makofi yalipigwa, na vigelegele.)

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Sikuja kuwaambia msichangie. Makuli wa bandari hii waligoma mwaka 1939, tena chini ya Mwingereza. Mji huu haujawahi kuwa na wafanyakazi wasiojali mambo ya nchi. Changieni! Ukimpenda mtu, ukiamini atasimamia maji ya Pongwe na barabara ya kwenu, mpe. Demokrasia bila fedha ndogo za watu wengi inabaki na fedha kubwa za watu wachache. Mgombea anayechangiwa na bodaboda 1,000 atawakumbuka bodaboda. Ninachopinga ni fedha yako kupita mkononi mwa mwajiri, kwa sababu ikipita pale inabadilika. Inaingia ikiwa yako, inatoka ikiwa yake.

Sasa tuje kwenye majina, maana kuna kijana aliniuliza mlangoni: "Mama, je, majina ya wanaochangia yawekwe wazi au yafichwe?" Swali zuri, na mimi mwenyewe lilinisumbua.

Huko Marekani yako wazi. Anayempa mgombea wa ngazi ya taifa zaidi ya dola 200 huandikwa jina, kazi yake na mwajiri wake, na yeyote anaweza kusoma. Ndiyo maana mnasikia redioni, "wafanyakazi wa Google wamemchangia fulani mamilioni." Msikosee kusikiliza. Kampuni yenyewe imekatazwa kumpa mgombea wa aina hiyo fedha tangu mwaka 1907. Kinachojumlishwa ni mchango wa mtu mmoja mmoja aliyejaza fomu na kwenye nafasi ya mwajiri akaandika Google. Mhandisi anatoa kwake, mhasibu anatoa kwake, mmoja anampa huyu, mwingine anampa yule. Kumbe ukisema "Google imempa fulani" umewavisha watu sare kwenye jambo walilofanya wakiwa nyumbani kwao.

Na kuvishwa sare kuna gharama. Brendan Eich, mmoja wa waasisi wa Mozilla, watengenezaji wa programu ya kuingilia intaneti, mwaka 2008 alitoa dola 1,000 za mfukoni mwake kwenye kampeni ya kura ya maoni kuhusu ndoa katika jimbo la California. Kumbukumbu ikabaki, jina lake na mwajiri wake pamoja. Machi 2014 akateuliwa kuwa mkurugenzi mkuu. Kelele zikaanza, nje na ndani ya taasisi, na hakumaliza hata wiki mbili akajiuzulu. Tusibishane hapa kama alichochangia kilikuwa sawa. Nataka mwone tu jinsi mchango wa mtu binafsi unavyoweza kukaa miaka sita ukimngoja kazini.

Basi tufiche yote? Hapana! Tukificha yote, wenye fedha nyingi watanunua wagombea gizani. Wenzetu wanajua hila hiyo: bosi mwenye kampuni isiyoruhusiwa kuchangia anawatuma wafanyakazi, kila mmoja anachangia kwa jina lake, mwisho wa mwezi anarudishiwa kama bonasi. Kule ni kosa la jinai kuchangia kwa jina la mtu mwingine, na watu wameshitakiwa kwa hilo.

Kwetu, mwaka 2010 tulipata Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayosimamiwa na Msajili wa Vyama vya Siasa. Kabla ya hapo tulikuwa na takrima, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, ulioruhusiwa na sheria mpaka Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake walipokwenda Mahakama Kuu, ikautengua mwaka 2006. Sheria ya 2010 inadai chama kimtajie Msajili michango inayozidi shilingi milioni moja kutoka kwa mtu binafsi, na inayozidi milioni mbili kutoka kwa taasisi.

Mimi ni karani, nikiona tarakimu siwezi kuziacha. Chukueni ile bahasha yetu ya 1,490,000, muifanye imetolewa leo. Ikiwa ni ya bosi mwenyewe, imezidi milioni moja, itajwe. Ikiwa ni ya kampuni, haijafika milioni mbili, haitajwi. Na ikiandikwa kwa majina 298, kila mmoja 5,000, haitajwi kabisa. Mmeona? Bahasha ile ile, mkono ule ule, ukumbatio ule ule jukwaani. Sisi 298 tumefanywa kichaka, mtu amejificha nyuma yetu.

Kwa hiyo nilimjibu yule kijana hivi. Mdogo anayetoa 5,000 zake aachwe na siri yake, sheria imefanya vizuri kumpisha. Lakini anayekusanya kwa wafanyakazi walio chini yake, huyo aandikwe, hata kama kila sarafu ndani ya bahasha ina jina la mtu mwingine. Nguvu iko kwa mkusanyaji. Hilo ningependa wabunge wetu walione, na kama kuna wa kulipeleka, nitamsindikiza mpaka Dodoma kwa nauli yangu.

Mpaka hapo patakapofika, sheria tuliyonayo si dhaifu kama mnavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kukubagua kwa maoni yako ya kisiasa. Imeandikwa, neno kwa neno, pamoja na dini na kabila na jinsia. Kifungu cha 28 kinamkataza kukukata mshahara isipokuwa pale sheria, mkataba wa pamoja, agizo la mishahara, mahakama au tuzo ya usuluhishi inaporuhusu, au wewe mwenyewe ukubali kwa maandishi kwa ajili ya deni. Mchango wa kampeni ni deni? Nani alimkopa mgombea? Na kukaa kimya hakujawa kukubali kwa maandishi.

Ikitokea karatasi kama ile, usigombane na karani, naye ana watoto. Omba nakala. Tunza hati ya mshahara ya mwezi ule, usiifungie vitumbua. Mweleze kiongozi wa tawi, kwa pamoja, si mmoja mmoja, maana orodha ya watu wawili inaumiza lakini orodha ya watu 200 haina wa kuipangia zamu ya usiku. Ikishindikana, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi iko hapa hapa Tanga; mgogoro usiohusu kufukuzwa kazi unapelekwa ndani ya siku 60. Nawaambia siku hizo kwa sababu nimeona madai mazuri yakikataliwa kwa kuchelewa.

Na viongozi wa matawi, nilisema hadithi ya Osborne ni yenu. Msitoke kwa bosi mkakaa kwenye kiti chake. Nimesikia maneno kwamba matawi fulani yanataka kuchangia mgombea fomu kwa jina la "wafanyakazi wa Tanga." Mmewauliza? Humu ukumbini nina hakika kuna watu wa vyama vitatu, na wasio na chama. Ada zao zinawatetea wote au haziwatetei. Mkitaka kumchangia mtu, wekeni kikapu mlangoni siku ya mapumziko, apite anayetaka, na jina la chama cha wafanyakazi likae kando.

Siku hizi imekuwa rahisi kutoa bila kupitia kwa mtu. Simu unayo. Unatuma kwa namba ya chama, ujumbe unarudi, unabaki nao kama risiti. Au unakwenda ofisini kwao mwenyewe, unadai stakabadhi. Kiasi kiwe kile ambacho nyumbani hawatalala njaa kwa ajili yake. Baba yangu aligawa unga kwanza.

Namalizia, maana naona wa zamu ya saa nane wanaangalia saa. Nawashukuru sana. Ila najua mtaniuliza habari za yule mlinzi.

Nilimtembelea mwaka juzi kijijini kwake, upande wa Mkinga. Macho yamepungua, lakini alinitambua kwa sauti. Tukanywa kahawa. Nikamwomba radhi kwa zile zamu za usiku, ingawa si mimi niliyezipanga, na kwa kunyamaza, ambako kulikuwa kwangu. Kisha nikamuuliza jambo lililonikaa kooni miaka yote: "Mzee, zile 5,000 ulisema umekwisha kuzipangia. Ulizipangia nini?"

Akanyamaza kidogo. Akasema elfu nne zilikuwa za dawa ya mkewe. "Na elfu moja nilimpa yule bwana mwenyewe, alipopita mtaani kwetu. Nilingoja umati upungue nikamtia mkononi. Akaniuliza jina langu, nikamwambia."